Mjadala: Riwaya za merikebu kwa Kiswahili. Maneno ya jahazi, maneno ya kukopa, au tuzifupishe tu?

Mchokoza Mada
Kisiwa Chenye Hazina, riwaya ya Stevenson ya 1883, ina Kiswahili tangu 1929, kazi ya Frederick Johnson. Tuseme leo tunaitafsiri upya kwa sekondari, na Moby-Dick ya Melville (1851), ile ya wawinda nyangumi, ipo nyuma yake kwenye foleni. Vitabu hivi vimejaa kamba, matanga, milingoti na zamu. Tufanyeje? Wapo wanaotaka msamiati wa majahazi: foromali (mti unaobeba tanga), henza (kamba ya kutwekea tanga), galme (mlingoti mdogo wa nyuma). Wapo wanaotaka kukopa Kiingereza. Mimi ni wa kambi ya tatu: yakatwe, kisa kibaki. Mwanafunzi wa Singida hajaona foromali maishani mwake. Ukimpa ukurasa wenye maneno kumi ya aina hiyo atafunga kitabu.

Fundi wa Vyombo
Huyo mwanafunzi wa Singida anapiga deki darasani kila wiki. Deki ni sitaha, sakafu ya juu ya merikebu. Mambo yakimharibikia anasema yamekwenda mrama, na mrama ni chombo kulala ubavu huu na ubavu huu kwa mawimbi. Anapanda meli ambayo jina lake limetoka kwenye merikebu za barua za Waingereza. Maneno ya bahari yalishafika bara zamani, bila kamusi na bila mtihani. Sasa foromali ina kosa gani?

Halafu hilo la kukata. Katika Kisiwa Chenye Hazina, tukio la kijana Jim kuikata amari, kamba ya nanga, ya merikebu Hispaniola usiku unalijua? Yumo ndani ya kimtumbwi cha Ben Gunn, yule mtu aliyeachwa kisiwani, miti iliyovikwa ngozi ya mbuzi. Merikebu imetia nanga, maji yanaivuta, na amari imekaza kama uta. Akiikata kwa mkupuo mmoja, kamba inafyatuka na yeye na kimtumbwi chake wanatupwa. Kwa hiyo anakata msokoto mmoja mmoja, mpaka merikebu inashikwa na misokoto miwili tu. Hapo anasubiri. Upepo ukiisukuma merikebu upande wake, amari inalegea, ndipo anamalizia. Na ni katika kusubiri huko anapowasikia walevi wakigombana chumbani mle tezini, nyuma ya merikebu. Toleo la kufupisha litasema nini? "Jim akaikata kamba, merikebu ikaondoka." Basi alikaa pale akisubiri nini?

Mchokoza Mada
Amari nimekubali. Ila hapo umechagua mahali ambapo kamba ndiyo kisa chenyewe. Kurasa ngapi ziko hivyo?

Mfasiri
Nyingi kuliko unavyodhani. Lakini simuungi mkono Fundi moja kwa moja, maana msamiati wa majahazi nao una mitego yake, na mtego mbaya ni ule wa neno linalofanana na kitu bila kufanya kazi yake.

Mfano wa kwanza ni pande za chombo. Waingereza wana majina ya upande wa kulia na wa kushoto ambayo hayabadiliki, ukiwa umetazama omo, yaani mbele ya chombo. Sisi tuna joshini, unakotoka upepo, na demani, unakokwenda. Kuna wanaoandika "demani" kwa kushoto kwa sababu lina sauti ya ubaharia. Chombo kikigeuka tu, demani imehamia upande wa pili, na watu wako wote wamevuka sitaha bila kutembea. Andika kulia na kushoto. Yaache joshini na demani kwa pale mwandishi anapozungumzia upepo kweli.

Pepo nazo. Kusi na kaskazi ni pepo za Bahari ya Hindi zinazopokezana kwa msimu. Zile pepo za Atlantiki zilizozipeleka merikebu Karibi huvuma kutoka upande mmoja karibu mwaka mzima. Ukiziita kaskazi, msomaji wa Lamu atakaa akisubiri zigeuke.

Kengele ndizo zinazonichekesha. Baharini ilipigwa kengele kila nusu saa: moja, mbili, tatu, mpaka nane, na hapo zamu yenye urefu wa saa 4 imekwisha. Mfasiri akiandika "kengele nane zilipolia", msomaji wetu anaelewa saa nane. Kumbe zinaweza kuwa saa 6 mchana, saa 10 jioni au saa 2 usiku. Mimi naandika saa yenyewe kwa Kiswahili na kuitaja kengele bila idadi. Na ile zamu ya jioni iliyogawanywa vipande viwili vya saa 2 isirukwe: bila hiyo siku ina zamu sita, na kundi lile lile linakesha saa zile zile kila usiku. Kwa kuigawanya zinakuwa saba, na makundi yanapishana.

Mwalimu wa Fasihi
Ongeza na jina la kitabu cha Dana cha 1840, kile cha safari ya kutoka Boston mwaka 1834. Kiingereza kinasema miaka miwili "mbele ya mlingoti". Ukifasiri neno kwa neno, mwanafunzi anamwona mtu amesimama mbele ya mlingoti kwa miaka miwili. Maana yake alikuwa baharia wa kawaida, analala omo na wenzake, huku wakubwa wakilala tezini. Kwenye jahazi nako mahali pa nahodha ni tezini, kwa hiyo mtu wa pwani haelezwi zaidi ya kuambiwa "alilala omo". Neno moja la jahazi, tanbihi imeokolewa.

Ila ninalotaka kuligusa hasa ni Moby-Dick. Hiki kina sura 135 na hitimisho, na hakuna kitabu kinachofupishwa ovyo kama hiki. Sura ya 60 inahusu kamba ya chusa tu, ule mkuki wa kumchomea nyangumi. Unene wake theluthi mbili za inchi. Ndani yake nyuzi 51, kila uzi ukibeba ratili 120, jumla karibu tani 3. Urefu zaidi kidogo ya pima 200, yaani mita 366 na ushei. Imekunjwa kwa uangalifu ndani ya pipa la wazi, maana kitanzi kimoja kikijisokota, kamba inapokimbia itaondoka na mkono au mguu wa mtu. Kutoka kwenye pipa inakwenda tezini, inazungushwa kwenye kigingi, kisha inarudi mbele kupitia katikati ya wapiga makasia wote, inawagusa vifundo vya mikono, mpaka omo. Mwisho wake wa chini haufungwi popote. Unaning'inizwa ukingoni mwa pipa kwa sababu mbili: mashua nyingine iweze kuunga kamba yake, na nyangumi akizama kwa kasi asiizamishe mashua pamoja naye.

Wahariri wanaikata sura hii kwa sababu "hakuna kinachotokea". Kisha katika sura ya 135 kamba inakwama, nahodha Ahabu anainama kuinasua, inamnasa shingoni na kumtoa mashuani kabla wenzake hawajajua. Sura ya 60 ndiyo inayomuua. Ukiikata, mtu anakufa kwa bahati mbaya tu.

Mchokoza Mada
Na sura ya 32? Ile ya kuwapanga nyangumi kwa ukubwa kama vitabu na kushikilia kwamba nyangumi ni samaki? Nayo imeua mtu?

Mwalimu wa Fasihi
Hiyo, kwa sekondari, kata. Sitalia.

Fundi wa Vyombo
Hapo kwenye chusa ndipo Kiswahili kinapotamba. Chusa tunacho, wavuvi wa pwani wanakirusha. Pima tunayo. Na malipo? Ishmaeli, msimulizi wa Moby-Dick, anaandikishwa kwa fungu moja katika 300 ya mapato ya safari, na rafiki yake Queequeg, mrusha chusa, moja katika 90. Neno fungu halihitaji maelezo kwa yeyote anayejua wavuvi wanavyogawana: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Eti "mshahara wa asilimia"! Mshahara ungelipwa hata pipa la mafuta lisipopatikana.

Mfasiri
Kweli. Lakini mashua ile ile ya nyangumi ina mtego ambao Fundi angenasa. Ina watu sita: watano wanapiga makasia, wa sita yuko tezini anaongoza. Ukiandika "ameshika usukani" umekosea. Anaongoza kwa kasia refu. Mrusha chusa naye anapiga kasia la mbele kama wengine, kisha anaachia, anasimama, anageuka na kurusha akiwa anahema. Chusa kikishaingia, yeye na yule wa tezini wanapishana mwendo mzima wa mashua, katikati ya kamba inayokimbia. Melville analiita jambo hilo upumbavu na anataka mrushaji asipige kasia kabisa. Kamba ikianza kutoa moshi kwenye kigingi, mtu aliye karibu na pipa anaimwagia maji kwa kofia. Maneno ya kawaida yametosha yote haya: kasia, kigingi, kofia.

Mkutubi
Basi wekeni mchoro mmoja wa merikebu mwanzoni, na majina yake. Tanbihi 200 hazisomwi na mtu.

Mfasiri
Michoro miwili, skuna, yaani merikebu ya aina ya Hispaniola, na mashua ya nyangumi. Mchoro wa skuna ungetatua lile tukio la Jim na haramia Israel Hands anayetaka kumuua. Merikebu imepanda mchanga na kulala upande nusu ya kusimama, kiasi cha digrii 45, kwa hiyo milingoti imeinama juu ya maji. Jim anakwea ngazi za kamba zinazoshikilia mlingoti, anakaa kwenye mbao za juu, anabadilisha baruti ya bastola iliyolowa. Hands akianguka, anaangukia majini. Bila ule mlalo, angeangukia sitahani. Na jahazi halina ngazi hizo: kamba zake za mlingoti hulegezwa na kuhamishwa kila tanga linapohamia upande wa pili. Hapa neno la jahazi hakuna. "Ngazi za kamba", basi.

Fundi wa Vyombo
Ngazi za kamba sawa. Lakini za mlingoti gani? Stevenson anataja ule mdogo wa nyuma, ambao sisi tunauita galme. Skuna ya milingoti miwili haina galme; wa nyuma ndio mkubwa. Ama Hispaniola ina milingoti mitatu, ama mwandishi aliteleza.

Mchokoza Mada
Ndiyo haya niliyokuwa nasema yakatwe.

Mfasiri
Andika "mlingoti wa nyuma".

Fundi wa Vyombo
Nikiandika hivyo nimemsahihisha marehemu bila ruhusa.

Mfasiri
Hujamsahihisha. Wa nyuma ni wa nyuma, uwe mkubwa au mdogo. Ukiandika galme ndipo unapomtilia saini.