Mrejesho: taarifa zangu zilizovuja, na simu niliyopigiwa

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliwauliza nifanye nini baada ya kampuni niliyojisajili kunijulisha kwamba majina, namba za simu, barua pepe na tarehe za kuzaliwa za wateja wake zimeibwa.

Nilianza na nywila ya barua pepe kama mlivyosisitiza, maana huko ndiko hutumwa viungo vya kubadilishia nywila nyingine zote. Uthibitishaji wa hatua mbili (ile namba ya ziada unayoombwa baada ya nywila) nimeuhamisha kutoka kwenye meseji hadi kwenye programu ya simu inayotoa namba hizo, kwa sababu tapeli akifanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yake, meseji zako zote anazipokea yeye. Benki nimewaarifu.

Na matapeli kweli wamepiga. Bwana mmoja, sauti tulivu kabisa, alinitajia jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, akidai yuko kitengo cha usalama cha benki na kwamba pesa zangu zinahamishwa muda huohuo. Akataka nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu. Nikakata, nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi: benki hawakuwa wamenitafuta. Mtu kujua tarehe yako ya kuzaliwa hakuthibitishi chochote, ndicho hichohicho kilichoibwa!

Sasa nataka kuzuia mikopo isifunguliwe kwa jina langu kupitia taasisi za taarifa za mikopo, zile ambazo wakopeshaji huziuliza historia yako kabla ya kukukopesha. Aliyewahi kufanya hivyo anieleze: nikihitaji mkopo mwenyewe, kuondoa zuio huchukua muda gani?