Tochi za ulinzi wa nyumbani: wauzaji wanatupiga na nyie washauri mnawasaidia

Wakuu leo mnivumilie maana nimejaa mpaka shingoni. Kila mtu akiuliza taa gani inafaa kulinda nyumba usiku wanakuja watu walewale na jibu lilelile, funga taa kwenye bastola, chukua yenye lumeni nyingi (kipimo cha mwanga), umemaliza. Umemaliza nini sasa?

Taa ya kwenye silaha inamulika kule mtutu unakoangalia, hakuna namna nyingine. Maana yake ukisikia kitu kimedondoka sebuleni na huna taa nyingine, ili ujue ni nani inabidi kwanza umnyooshee bastola ndo umtambue. Na anayegongagonga vitu ndani usiku anaweza kuwa mtoto kaamka, mgeni hajui choo kilipo, au mama mkwe! Kila mwenye silaha anafundishwa asielekeze mtutu kwa kitu ambacho hayuko tayari kukiharibu, afu hapohapo tunamwambia atumie mtutu huohuo kutafutia watu gizani, ni kama kupapasa watoto kitandani kwa ncha ya kisu. Na taa nyingi za bastola swichi iko mbele tu ya triga, mtu kakurupuka usingizini anapapasa swichi kwa kidole kilekile cha triga, hebu fikirieni wenyewe.

Najua mtakuja na hoja ya "elekeza sakafuni, mwanga utasambaa". Ni kweli, taa yenye nguvu ukiipiga sakafuni au darini chumba kizima kinaonekana, na sijasema taa ya kwenye silaha haina kazi. Inayo, pale ambapo ushajua aliye mbele yako ni nani na unataka mikono yote miwili kwenye silaha, au mkono mmoja umembeba mtoto. Ila ya KUTAFUTIA ni tochi ya mkononi. Hiyo unammulika mtu yeyote na hujamtishia maisha. Ndiyo, kushika tochi mkono mmoja na bastola mwingine ni kazi, mtindo wa Harries ule wa kugandamanisha migongo ya mikono unachosha haraka, basi fanya mazoezi silaha ikiwa tupu, si kuruka hatua nzima.

Sasa wauzaji. Nimeuziwa tochi imeandikwa "ya kijeshi", lumeni 100,000, betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya kuchaji, kubwa kidogo kuliko AA). Jamani! LED nyeupe hata ukiipa sifa sana, lumeni 200 kwa wati moja, kwahiyo lumeni laki moja zinataka wati 500. Betri hiyo moja ikiwa nzuri kabisa inabeba kama wati-saa 12 na ushee, yaani ingeisha ndani ya dakika moja na nusu, na ingebidi itoe ampea zaidi ya 130 wakati zile kali kabisa zinaishia 30 hivi. Uongo wa mchana kweupe. Tochi ya SureFire 6P ya zamani ilikuwa na lumeni 65 tu na watu walifanyia kazi za hatari miaka mingi.

Na hata wale wasiodanganya wazi wanakuficha mambo. Lumeni ni mwanga wote kwa jumla, kandela ndo ukali wa ule mwale wa katikati, hiyo wengi hawaandiki. Wanaandika "inafika mita 200" kumbe kipimo wanachofuata watengenezaji kinahesabu mpaka pale mwanga unapobaki kama wa mbalamwezi, kandela 10,000 tayari unaitwa mita 200. Eti inawaka saa mbili, kipimo kinaruhusu kuhesabu mpaka mwanga ushuke asilimia 10 ya ulivyoanza, na nyingi zikipata moto zinajipunguza zenyewe baada ya dakika chache.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni modi. Bonyeza mara ya kwanza mwanga mdogo, ya pili wa kati, ya tatu mkali, ya nne inaanza kumwekamweka kama disko, ya tano SOS, ishara ya kuomba msaada. SOS ya nini chumbani kwangu?? Umelala, macho yameshazoea giza, unabonyeza unapata disko, na ukutani kwenye rangi nyeupe inakurudia wewe mwenyewe machoni, huoni kitu.

Na nyie mnaochanganya betri za CR123A (zile fupi za lithiamu zisizochajiwa), mpya na iliyotumika kwenye tochi moja mkidhani mnabana matumizi, acheni, zile zikizidiwa zinaweza kulipuka mkononi.

Aliye na tochi ya mkononi, swichi nyuma, ukibonyeza inawaka mkali papo hapo ukiachia inazima, modi moja basi, aitaje hapa na kandela zake. Wa lumeni laki moja pitieni mbali.