Tupeane uzoefu: kole (gundi) gani kwa kolaji za karatasi?

Mwalimu wa Himbi, Goma
Jambo wote. Ninafundisha primeri, na muhula huu watoto wanatengeneza kolaji, yaani picha za vipande vilivyobandikwa, kwa magazeti, kalenda za zamani na maganda makavu ya migomba. Wazazi wananiuliza wanunue kole gani. Mwenye uzoefu aseme, ila ataje na karatasi aliyobandika, maana "kole fulani ni kali" peke yake hainisaidii.

Mama Kadi, Ibanda, Bukavu
Mwalimu, mimi nauza kadi za maganda ya migomba. Natumia kole nyeupe ya maseremala. Ikikauka haionekani, na inashika. Tatizo lake ni maji: karatasi ikiyanywa inavimba, ikikauka inajivuta, kadi inajikunja. Watu wanalaumu kole kumbe wameimwaga kama mchuzi.

Chukua brashi pana, tandaza safu nyembamba kwenye kartoni. Weka kipande kuanzia katikati, sukuma hewa kwenda pembeni kwa kitambaa kikavu. Funika kwa mfuko wa plastiki ili ubao usigande, weka ubao, kisha matofali mpaka asubuhi. Kartoni ikiwa nyembamba, bandika karatasi tupu mgongoni kwa kole ileile, pande zote mbili zivutane sawa. Huo mgongo ndio wengi wanauruka, halafu wanauliza kwa nini kadi zangu zimenyooka.

Mtoto wa Katuba, Lubumbashi
Kwetu tunapika. Unga wa muhogo kidogo kwenye maji baridi, koroga mabonge yaishe, kisha moto mdogo huku unakoroga mpaka ing'ae. Iwe uji, si bukari! Mtoto akiilamba hakuna neno. Pika ya siku hiyohiyo, inachacha upesi. Mende wanaipenda, na wakati wa mvua inaota ukungu. Mwezi wa sita na wa saba, hewa ikiwa kavu, hapa haina taabu.

Fundi Birere, Goma
Kole ya viatu haikunji karatasi hata kidogo, haina maji. Paka pande zote mbili, subiri isinate kwenye kidole, bandika. Ukikosea mahali, basi tena.

Mama Kadi
Yaya, hiyo si ya watoto! Harufu yake inapanda kichwani, na inashika moto haraka. Tena baada ya muda inageuka njano na kutokeza kwenye karatasi nyembamba.

Fundi Birere
Kwa moto umesema kweli. Mimi nafanyia nje.

Dada wa Kadutu, Bukavu
Kwa gazeti, kole ya kijiti inatosha, maji yake ni machache. Paka mpaka uvuke ukingo, la sivyo pembe zinainuka. Gazeti lenyewe litakuwa njano hata ukilibandika kwa asali, ndivyo karatasi yake ilivyo. Na ukibandika juu ya kalenda inayong'aa, isugue kwanza kidogo kwa msasa laini.

Mwalimu wa Himbi
Asanteni sana. Basi wadogo uji wa muhogo, wakubwa kole nyeupe na matofali. Na maganda yakiwa bado na unyevu?

Mama Kadi
Usiyabandike. Yaanike juani, kisha yapige pasi ya moto mdogo yalale. Ukiona doa jeusi linatokea chini ya kole, ng'oa kipande hicho mapema, usipake vernisi juu yake.