Wauzaji, acheni kutuuzia mashine za bustani kwa ajili ya barabara za moto

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira. Nina ekari 12 za misindano na milingoti huku Mufindi, na kila mwaka mvua zikiisha hufyeka barabara za moto (njia zinazoachwa wazi ili moto usivuke) mapema, kwa sababu ikifika Septemba majani yamekauka, upepo ni mkali, na cheche ya jirani anayesafisha shamba inatosha kumaliza miti ya miaka minane. Mwaka huu niliachana na vibarua, nikanunua mashine ya kufyekea inayovutwa na pikapu, yenye injini yake ya petroli.

Muuzaji, katika duka moja la Iringa mjini, aliniuliza swali moja tu: nataka upana gani. Hakuuliza majani yamefika urefu gani, wala kama kuna visiki. Kumbe alinipa mashine ya bustani, ambayo visu vyake vitatu vimekazwa moja kwa moja kwenye spindo (shafti fupi za kuvizungusha) na vinazungushwa na mkanda mmoja mrefu. Visu vya slasha ya kweli, yaani mashine ya kufyekea vichaka, huning'inia kwenye pini, hivyo vikigonga kisiki hurudi nyuma. Vyangu havikuwa na pa kurudi. Siku ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi, tulikikuta kisiki cha mlingoti kilichofunikwa na majani. Ukasikika mlio kama wa sufuria lililoangushwa, spindo ikapinda, mkanda ukachomoka ukinuka mpira ulioungua.

Hata kabla ya hapo injini ilikuwa inatoa moshi mweusi na kulemewa. Injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na sisi tuko juu ya mita 1,700. Hizo nguvu za farasi 15 zilizobandikwa kwenye boneti ni za Dar es Salaam, si za huku.

Lililoniudhi kuliko yote ni mkono unaounganisha mashine na pikapu. Umenyooka, hausogezwi pembeni, kwa hiyo matairi ya pikapu hulaza majani kwanza, kisha visu vinapita juu yake bila kuyagusa. Kesho yake asubuhi mistari miwili ya majani ilikuwa imesimama tena, mirefu vilevile, kama vile hatukupita.

Niliporudi dukani niliambiwa, "Mzee, hii si mashine ya kukata miti," na kwamba waranti haihusu spindo. Kwa nini hayo hayakusemwa nilipokuwa nahesabu fedha?

Mwenye trekta asihangaike na injini ya pili. Achukue slasha ya PTO, yaani inayozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, ya mizunguko 540 kwa dakika, yenye giaboksi na boliti inayokatika yenyewe visu vikikwama, na asikubali shafti isiyo na kava, maana hunasa nguo. Mwenye pikapu kama mimi adai visu vya kuning'inia na mkono unaosogea pembeni, akivishika kwa mikono yake kabla ya kulipa.

Mashine yangu iko chini ya mparachichi. Kama kuna fundi Makambako au Mbeya anayeweza kubadilisha spindo na kufunga visu vya kuning'inia, naomba anitajie bei hapahapa, kwa sababu upande wa mashariki haujafyekwa na majani yameshaanza kugeuka rangi.