Diwani ya kwanza: nipeleke Nebraska au Cornell?

Mkazi_wa_Kondele (Kisumu)
Salaam, malenga. Nina muswada wa diwani, nusu mashairi ya arudhi (yanayofuata kanuni za vina na mizani), nusu mashairi huru. Kuna Tuzo ya Sillerman ya Nebraska na ile ya Kiswahili ya Cornell. Ipi inanifaa? Halafu kuna kijitabu nilichojichapishia, nakala kadhaa zikauzwa kwenye tamasha. Kinaniharibia?

Vina_na_Mizani
Anza na lugha. Sillerman iko chini ya African Poetry Book Fund, mfuko wa ushairi wa Kiafrika, na husoma Kiingereza. Tafsiri hukubaliwa, ila sehemu ya zawadi humwendea mtafsiri. Zawadi ni dola 1,000 na diwani kuchapishwa na University of Nebraska Press. Hakuna ada, na muswada usipungue kurasa 50. Aliyeishinda mara ya kwanza, 2013, ni Mkenya mwenzetu Clifton Gachagua.

Ya Cornell ilianzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Siku hizi ni Safal-Cornell. Hiyo inataka Kiswahili chenyewe, na ushairi haushindanishwi na riwaya.

Kijitabu ndicho chenye utata. Sillerman ni ya mshairi asiye na diwani, na hata ulichojichapishia huhesabiwa iwapo kiliuzwa. Waandikie waandaaji kabla ya kutuma, utaje idadi ya kurasa na kilikouzwa. Usinyamaze ukitumaini hakitaonekana, hasa kama ulikichukulia ISBN pale Kenya National Library Service.

Kwa maoni yangu, peleka Cornell. Shairi la arudhi likitafsiriwa hubaki maana tu. Vina na mizani vyote vimekwenda.

Mhariri_Nakuru
Naunga mkono, lakini kagua mizani, yaani hesabu ya silabi, kwanza. Wengi huhesabu irabu. "Mtu mvumilivu" ina irabu 5 lakini mizani ni 7: m-tu-m-vu-mi-li-vu. Hiyo "m" inasimama peke yake. "Ndege" nayo ni 2 tu, nde-ge. Ukikosea hapo, kipande cha mizani 8 kinakuwa 9 au 10, na msomaji aliyezoea arudhi hujikwaa mshororo wa kwanza tu.

Mpangilio wa ukurasa: ukwapi na utao (kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo) usivitenganishe kwa kubonyeza nafasi mara kumi. Tumia kitufe cha tabo au jedwali lisilo na mistari. Faili ikifunguliwa kwenye kompyuta ya saiba isiyo na fonti yako, nafasi zinahama na utao unashukia mstari wa chini. Geuza kuwa PDF kwenye mashine uliyoandikia, kisha ifungue kwenye simu uikague ukurasa kwa ukurasa. Ubeti usikatwe katikati. Heri uache nafasi tupu chini ya ukurasa.

Mkazi_wa_Kondele
Asanteni sana. Na jina langu? Nimesikia baadhi ya tuzo hazitaki lionekane.

Vina_na_Mizani
Masharti yakidai hivyo, kulitoa kwenye jalada hakutoshi. Angalia tabaruku, shukrani, kijachini, jina la faili na sehemu ya "mwandishi" kwenye sifa za faili. Kisha soma beti za tamati. Sisi tuna desturi ya kujitaja mle, "mimi wenu fulani wa Kisumu", na hapo siri imekwisha. Ubeti huo uandike upya wote. Ukifuta jina tu, mizani inapungua na huenda kina kikapotea nalo.

Mhariri_Nakuru
Ukiamua Nebraska baada ya kujibiwa, dirisha la Sillerman kwa kawaida hufungwa 1 Desemba. Wenzetu wa Lincoln, Nebraska, wako nyuma yetu kwa saa 9 wakati huo, lakini usizitegemee. Masharti ya kila mwaka yasome upya kwenye tovuti yao, si kwenye picha zinazozunguka WhatsApp.