Naomba ushauri: sala na kazi ya samaki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mama karanga hapa Malindi: nanunua samaki mashua zikirudi asubuhi, nakaanga, nauza jioni. Msimu huu wa kusi bahari ni chafu na samaki ni haba, kwa hiyo ukichelewa pwani umekosa.

Nimejaribu kuamka alfajiri nisali, usingizi unanishinda nikiwa nimepiga magoti. Usiku kuna watoto wa kulisha na madaftari ya kuangalia. Sasa nasali nikipara samaki, namwombea kila mteja ninayejua anaumwa, na kwa kweli hapo ndipo nasali kwa moyo wote. Lakini dada mmoja wa kanisani anasema hiyo si sala, nijifungie chumbani kama Mathayo 6:6. Nami nasoma 1 Wathesalonike 5:17, "ombeni bila kukoma". Jirani zangu Waislamu wakisikia adhana huacha kazi. Natamani nami niwe na saa zangu, kama Danieli aliyesali mara tatu kwa siku.

Naombeni mnisaidie: sala ya mikono ikiwa kazini yatosha siku ambazo faragha haipatikani? Na nyinyi mnaoshinda kwenye biashara, ni saa ipi mmeweza kuishika, na mnasali nini kwa dakika hizo chache?