Kumnasa mwewe na kuwinda naye: leseni inatosha kuhalalisha?

Mleta mada (Marekani)
Wakuu, salaam. Niko mwaka wa pili wa uanagenzi wa kuwinda kwa ndege. Nilipomwambia mama kule Morogoro kwamba nina mwewe nyumbani, alishtuka: "Si huyo anayenimalizia vifaranga?" Nikasema nimemnasa mwenyewe porini, kwa kibali cha serikali. Shemeji akadakia kwenye simu: huo ni ujangili wenye muhuri. Neno hilo limeniwasha wiki nzima, naleta kwenu.

Leseni huku hununui dukani. Kwanza unamtafuta mzoefu akubali kukudhamini. Mimi nilizungushwa miezi kabla mzee mmoja hajaniruhusu hata kumbebea begi. Halafu mtihani wa maandishi, alama 80 kwa 100 ndiyo kupita. Halafu afisa anakuja kwako kukagua banda, mizani, kamba za miguuni, hata beseni la ndege kuogea. Sheria ya shirikisho inaanzia umri wa miaka 12. Mwanagenzi anaruhusiwa ndege mmoja tu, kwa muda usiopungua miaka miwili. Kufika daraja la juu kabisa ni miaka mingine mitano. Jimbo la Hawaii haliruhusu mchezo huu hata kidogo.

Wangu ni jike, mwewe wa mkia mwekundu. Nilimnasa kwa kitundu cha waya chenye panya ndani na vitanzi vya nailoni juu yake. Alikuwa bado hajatimiza mwaka, maana aliyekwisha komaa na kuzaa haruhusiwi kuguswa, isipokuwa kwa aina mbili tu. Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, namweka kwenye mizani. Akizidi uzito hana haja na mimi: atapaa juu ya mti, anitazame, aondoke zake. Akikonda kupita kiasi, nimemuua. Wahenga walisema juu ya kozi, ndege mwingine mwindaji: kozi mandanda, kulala na njaa kupenda. Wangu akilala na njaa si kwa kupenda, nimempangia mimi. Hapo shemeji ana hoja, nakiri.

Lakini zaidi ya nusu ya makinda wa mwewe hawa hawamalizi mwaka wa kwanza. Njaa, magari, nyaya za umeme. Mimi nimemchukua mmoja wa rika hilo, nimemvusha kipindi cha baridi, na kila tunapotoka kutafuta sungura namfungua kamba. Hakuna kinachomrudisha kwenye glavu yangu ila nyama. Huo ni ujangili?

Mchangiaji (Nairobi)
Ndugu, umeandika vizuri, ila hoja ya "nusu watakufa tu" inafaa pale ambapo wazazi wapo tele. Mimi nahesabu ndege hawa kando ya barabara. Utafiti wa Kenya uliotoka mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za miaka ya 1970 na za 2003 hadi 2020: katika aina 22 za ndege wala nyama, 19 zimepungua. Sumu inayotegewa simba, nyaya za umeme, malisho na misitu iliyokatwa. Kuna kozi mdogo anayebeba jina la Taita kwa sababu huko ndiko alikotambuliwa kwa mara ya kwanza. Nenda kamtafute leo uone kama utampata. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku kwetu mwaka 1977, na sioni sababu ya kuurudisha kupitia mlango wa ndege. Ukifungua leseni hapa, mnunuzi atafika kabla karatasi za mtihani hazijachapwa.

Mchangiaji (Tanga)
Dua la kuku halimpati mwewe, kumbe serikali inampata 😂 Mkuu, huyo bibie anakamata kanga?

Mchangiaji (Abu Dhabi)
Assalaam alaykum. Nimezaliwa Muscat, bibi zangu ni wa Unguja. Huyo "mnunuzi" tunajua anasemwa nani, ni Mwarabu wa Ghuba, basi niseme. Huku ndege hawa ni heshima ya ukoo. Mwaka 2010 UNESCO iliutia uwindaji huu kwenye orodha ya urithi wa wanadamu, na waliouombea walikuwa Waarabu pamoja na Wafaransa, Wabelgiji na Wamongolia. Tangu 2002 Emirati inawapa ndege hawa pasipoti, kila mmoja na yake, ili wa magendo wajulikane. Hapa Abu Dhabi wana hospitali yao tangu 1999. Na wengi siku hizi wametotolewa vizimbani.

Aibu yetu iko kwa hubara, yule ndege anayewindwa. Kwetu alipungua, wakubwa wakahamia Pakistan kumfuata. Mahakama ya Juu ya huko ikazuia vibali Agosti 2015. Januari 2016 zuio likaondolewa. Pesa ilisema, sheria ikasogea. Hapo ndugu wa Nairobi simpingi.

Mchangiaji (Birmingham)
Uingereza ni kinyume chenu. Mtihani hakuna, mdhamini wa lazima hakuna. Ukiwa na hela unanunua aliyezaliwa kizimbani, na wa mwituni ndiye usimguse. Matokeo yake mtu ananunua bundi kwa ajili ya picha, mwezi wa tatu amemchoka. Kati ya hizo mbili, bora mnaofundishwa.

Mleta mada
Tanga: kanga hajamwona, ila sungura watano msimu huu, na aliowakosa sihesabu.

Nairobi, umenigusa penyewe. Nimefikiri, naona kinachonitetea si mtihani. Ni kwamba ndege niliyemtoa mwituni siruhusiwi kumuuza, hata kwa senti moja. Ondoa kifungu hicho, shemeji ameshinda. Ila usisahau kozi wa Marekani alipokaribia kwisha kwa sababu ya DDT, dawa ya kuua wadudu, aliyeanzisha shirika la kumzalisha mwaka 1970, Tom Cade, alikuwa mwindaji wa namna hii hii, na wenzake walitoa ndege wao. Mwaka 1999 kozi akatolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Maarifa yale hayakutoka kwa mtu aliyemtazama kwa darubini tu.

Mchangiaji (Nairobi)
Cade namheshimu. Lakini alizalisha akaachia, wewe umenasa. Na kifungu cha kutouza tunacho cha pembe za ndovu pia, waulize ndovu. Huyo wako utamfanya nini?

Mleta mada
Masika nikishamnenepesha nakata kamba, nampeleka palepale nilipomnasia.

Mchangiaji (Nairobi)
Na vuli ikija?

Mleta mada
Nitatega tena.

Mchangiaji (Nairobi)
Basi shemeji yako asifunge faili.